Soksi za Mgeni

Nilisafisha vyumba vya hoteli huko Diani kwa miaka kumi na minane. Niliona kila uchafu ambao mtu anaweza kuuacha kitandani kisha akaondoka akitabasamu, na katika miaka hiyo yote sikutapika hata siku moja. Nilikuja kutapika nyumbani kwangu mwenyewe, huku juu vilimani, asubuhi ya Jumatano moja, kwa sababu ya soksi.

Baba yangu alikuja huku kutoka Ukambani, wakati watu walipokuwa wakigawiwa mashamba kwenye mradi wa makazi. Shamba letu linakwisha pale msitu wa hifadhi unapoanza. Kati yetu na msitu kuna waya wa umeme wa kuwazuia ndovu, ambao siku chache huwa na umeme na siku nyingi hauna. Nilizaliwa hapa, na Kiswahili changu ni cha hapa. Jamaa zangu wa bara hunicheka nikizungumza, wanasema ninaimba. Lakini msitu wenyewe hatukuupenda. Kwetu sisi ulikuwa mahali wanapotoka ndovu kuja kula mahindi na nyani kuja kung'oa mihogo.

Vinyonga ndio hatukuwavumilia kabisa. Majirani zetu Wadigo waliwaona ni kisirani, na sisi Wakamba tulioletwa tu hatukuhitaji kufundishwa. Kinyonga akionekana kwenye mwembe, mtu mmoja angetafuta mawe na wengine wangesogea mbali. Mimi nilikuwa wa kusogea mbali. Yale macho yanayozunguka kila moja upande wake, na ule mwendo wa kusitasita kama mtu anayetaka kuiba, vilinifanya nisisimke mwili hata nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Hoteli ilipofunga jengo letu na kutupunguza kazini, nilirudi nyumbani. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa. Kwa kile nilichopewa nilijenga vyumba viwili vya wageni, vya matofali na mabati, vyenye baraza inayotazama msitu. Niliwawekea wageni vitanda vizuri, vyandarua vyeupe, na mashuka ya maua ya waridi niliyoyachagua mwenyewe Ukunda. Wageni wangu walikuwa watu wa kutazama ndege, na wanafunzi wa vyuo waliokuja kuhesabu vyura na vipepeo.

Wageni hao walikuja kwa sababu ya mdogo wangu. Yeye ni mwanamume wa miaka arubaini na kitu, mwembamba, mwenye maneno machache, na msitu ule anaujua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Alianza kwa kuwabebea wanafunzi mizigo, baadaye akawa mwongozaji wao. Aliijua miti kwa majina ya Kidigo na kwa yale majina marefu ya vitabuni. Aliwahi kugombana na wachoma mkaa mbele ya watu, peke yake, bila hata fimbo mkononi. Nilijivunia. Nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Siku moja mchana aliniita nimfuate hadi kwenye kijito kilicho ndani kidogo ya msitu. Akaninyooshea kidole kwenye tawi jembamba.

"Usikimbie, dada. Mtazame tu."

Sikuona kitu kwa muda mrefu. Kisha jani moja likawa na jicho. Alikuwa kinyonga mdogo, mwembamba, na puani alikuwa na kitu kama pembe, lakini laini, kijipande cha ngozi tu.

"Huyu anakaa hapa na kwenye milima ya ng'ambo ya mpaka," mdogo wangu alisema. "Wale wanafunzi wanasema ukimtafuta kwingine kote Kenya, hutampata."

"Na sisi tulikuwa tunawapiga mawe?"

"Labda si hawa. Hawa hawatoki msituni. Lakini tungewaona, tungewapiga."

Tukacheka. Nilisimama pale hadi miguu ikachoka. Sikumpenda, nisiseme uongo, lakini niliona haya kidogo mbele yake. Tangu siku hiyo nilianza kuuliza maswali. Nikajua kwamba kuna wengine wadogo zaidi, rangi ya jani kavu, wanaoishi chini kwenye takataka za miti, na kwamba kuna chura asiyejulikana popote ila kwenye vidimbwi vya vilima hivi vyetu. Nilianza kuuona msitu kama watu wa ukoo wanavyoliona shamba lao, na kila mti uliokatwa ulinikera mimi binafsi.

Mgeni alikuja baada ya mvua za masika, mwaka ambao biashara ilikuwa mbaya. Alikuwa mzungu wa makamo, safi, mwenye sauti ya chini. Alisema yeye ni mwalimu na kwamba anapiga picha za wanyama wadogo. Angekaa mwezi mzima, na chumba alikilipia chote mbele. Alivua viatu barazani bila kuambiwa. Jirani yangu, mama wa Kidigo aliyenizidi umri na anayeniita mwanangu, alipopita kunisalimu, mgeni alisimama akamwambia, "Shikamoo, mama," vizuri kabisa. Jirani yangu alimpenda papo hapo.

Nyama hakula. Aliniambia kwamba anawaonea wanyama huruma. Basi nikampikia kunde, mchicha wa nazi, muhogo, maharagwe, na alikula chote na kunishukuru. Mahindi ya kuchemsha nilimpelekea chumbani katika bakuli langu la bati lenye kifuniko, la maua, ambalo lilikuwa la mama yangu.

Jioni moja tuliona moshi mwembamba ukipanda kutoka ndani ya hifadhi. Wachoma mkaa. Mgeni aliweka kikombe chini, na nakumbuka macho yake yalilowa.

"Watu hawa wanakula chakula cha wajukuu wao," alisema.

Niliona aibu. Niliona aibu kwa ajili ya watu wangu, mbele ya mtu yule. Hadi leo nakumbuka namna nilivyoinamisha kichwa na kumwomba radhi.

Aliomba chumba chake kisisafishwe. Alisema ana vifaa vya kamera ambavyo havitaki vumbi wala kuguswa. Mimi ni mtu wa hoteli. Mgeni akitundika kibao cha kukataa kusumbuliwa, huwa hubishi hodi. Nikawa namwachia maji na taulo mlangoni. Yeye na mdogo wangu waliingia msituni jua likizama, maana vinyonga huonekana vizuri kwa tochi wakiwa wamelala, na walirudi nikiwa nimelala.

Wiki ya pili watu wakaanza kuja nyuma ya jiko langu. Walikuja wanawake na wanaume wa jirani, na makopo ya rangi, ndoo zilizofunikwa kanga, chupa za maji zilizotobolewa matundu. Mdogo wangu alikuwa akiwapokea na kuwapa kitu mkononi. Nilimuuliza.

"Wameleta nini?"

"Wadudu tu, dada. Vinyonga, vyura. Mgeni anawapiga picha, kisha ninawarudisha."

"Wote hao?"

"Wote."

Alijibu bila kunitazama. Mimi nilikuwa ninamenya muhogo, nikaendelea kumenya. Sitaki kujisafisha hapa. Nilimwamini kwa sababu kumwamini kulikuwa rahisi, na kwa sababu chumba kilikuwa kimelipiwa mwezi mzima.

Jambo lililonisumbua kwanza lilikuwa dogo. Nguo za mgeni nilizifua mimi. Alinipa mashati, suruali, fulana, hata nguo za ndani. Soksi hakunipa kamwe. Mtu anayetembea kwenye msitu wenye maji kila siku, na hana soksi chafu hata jozi moja. Wakati huohuo mdogo wangu alirudi kutoka Ukunda na mfuko mzima wa soksi mpya, zile za kijivu za watoto wa shule, za kila kipimo. Nilidhani ni msaada kwa shule. Nilimsifu mgeni kimoyomoyo.

Wiki ya tatu ikaja harufu. Kwanza nilidhani panya amekufa darini. Nilipanda ngazi nikatazama, hakukuwa na kitu. Harufu ilikuwa ikitoka chini ya mlango wa mgeni, tamu na nzito, ya aina ambayo pua yangu inaijua. Katika hoteli ukisikia harufu hiyo unamwita msimamizi, na nyote wawili mnashika pumzi kabla ya kufungua.

Jumatano asubuhi mgeni na mdogo wangu walikwenda Kwale mjini. Nilichukua ufunguo wa akiba, nikafungua.

Pazia lilikuwa limefungwa. Chumba kilikuwa na joto na unyevu kama mdomo. Kitanda kimoja kilikuwa kimelaliwa. Juu ya kile cha pili, juu ya mashuka yangu ya waridi, zilipangwa soksi. Mstari baada ya mstari, kila moja imefungwa fundo shingoni na imeandikwa kwa kalamu ya wino. Nyingine zilining'inia kwenye kamba aliyoifunga kutoka dirishani hadi mlangoni, zimebanwa kwa vibanio vyangu vya nguo. Nilidhani ameanika. Kisha soksi moja ikajikunja.

Nilipozoea giza niliona kwamba nyingi zilikuwa zikitikisika, polepole, huku na huku, kitu cha ndani kikijaribu kunyoosha mguu. Mezani kulikuwa na vikopo vya plastiki vyenye matundu, na ndani yake vyura wamebanwa katika karatasi mbichi ya chooni, mmoja juu ya mwingine. Kulikuwa na mizani ndogo na daftari. Kila kitu kilikuwa safi, kimepangwa, mwandiko mzuri.

Na sakafuni, kando ya kitanda alichokuwa akilala, lilikuwapo bakuli la mama yangu. Nilifunua kifuniko.

Waliokufa alikuwa akiwatia humo. Sikuhesabu. Walikuwa wamelundikana kama maganda, rangi ya majivu, macho yametumbukia ndani, na wale wa chini walikuwa wamekwisha kuwa uji. Jike mmoja tumbo lake lilikuwa limepasuka, na mayai yalikuwa yamejipanga meupe ndani yake. Wawili walikuwa wamekufa wameshikana, vidole vya huyu vimeuma mkono wa yule, nadhani walifungwa katika soksi moja. Funza walikuwa wakitoka na kuingia. Lilikuwa bakuli ambalo mama alikuwa akituwekea wali siku ya Krismasi.

Nilifungua soksi moja, sijui kwa nini, labda nilitaka kuona mmoja aliye hai. Alitoka yule mwenye pembe laini. Pembe ilikuwa imejikunja upande. Alinyoosha mkono, akanishika kidole. Sikuwa nimepata kumgusa kinyonga maishani mwangu. Mshiko wake ulikuwa mkavu, na una nguvu kuliko nilivyotarajia. Nilimweka juu ya pazia, nikatoka nje, nikatapika kwenye maua.

Nilimwita jirani yangu. Alikuja akifunga leso vizuri, akasimama mlangoni asiingie.

"Audhubillahi," alisema. "Mwanangu, wote hawa walikuwa wakilala humu?"

"Walikuwa humu."

Akajifunika pua kwa upindo wa leso.

"Mimi pia nilileta," akasema. "Nilileta sita. Niliambiwa anawachukua, nikasema mzungu huyu anatuondolea balaa, Mungu ambariki."

Tulisimama pale, wanawake wawili wazima, mmoja aliyewauza na mwingine aliyewapangishia chumba.

Nilipiga simu kwa wahusika wa serikali wa wanyamapori. Mtu aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho, akasema gari liko upande wa Msambweni, watakuja kesho, na kwamba nisiguse kitu kwa sababu ni ushahidi. Nikamtoa yule kwenye pazia, nikamrudisha katika soksi, nikafunga fundo. Niliambiwa nisiguse kitu, nami ni mtu wa kutii maagizo. Kufunga lile fundo kulinichukiza zaidi kuliko lile bakuli. Na nililifunga vizuri.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Nilikuwa nimekaa barazani, mlango wazi nyuma yangu. Mgeni aliona, akasimama. Hakukasirika.

"Mama, umeingia chumbani kwangu," alisema kwa upole.

"Ni chumba changu."

Aliketi kwenye ngazi, akavua viatu kama kawaida yake. Alianza kunieleza, kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi mzito. Alisema msitu huu unakwisha. Alisema nimeona mwenyewe moshi, nimeona mashina ya mivule, nimeona mifugo ikiingia. Wanyama hawa watakufa wote, leo au kesho. Lakini nchini kwake kuna watu wanaowapenda, wana nyumba za vioo zenye joto na mvua ya bomba, na humo watazaa na kuishi.

"Ninawaokoa," alisema.

Niliingia ndani, nikaleta bakuli, nikaliweka mbele yake na kulifunua.

"Na hawa?"

Alitazama. Hakugeuza uso. Alitazama kama mtu anavyotazama nyanya zilizooza chini ya kikapu.

"Hasara kidogo huwa ipo," alisema.

Nimekwisha kusikia matusi mengi maishani, mengine ya wageni walevi, mengine ya wasimamizi. Sijapata kusikia neno lililonitia kinyaa kama hilo, alilolisema kwa upole vile. Mtu aliyekataa supu yangu ya kuku kwa huruma.

Nilimgeukia mdogo wangu. Alikuwa amesimama uani na mfuko wa karatasi wa duka la picha mkononi, anatazama chini.

"Ulinionyesha wewe," nilimwambia. "Ulinipeleka kule kijitoni."

"Dada, usinivunjie riziki."

"Ulisema unawarudisha."

"Mvua ilipokosekana, nani alinirudishia mahindi yangu?" akasema, na bado hakunitazama.

Mgeni alipiga simu. Kabla ya nusu saa gari jeupe lilikuja kutoka upande wa Ukunda. Alipakia haraka na kwa ustadi. Soksi na vikopo vya vyura alivilaza katika masanduku mawili magumu, tabaka kwa tabaka, na juu yake akaweka nguo nilizozifua na kuzipiga pasi mwenyewe. Mdogo wangu alibeba masanduku. Nilishika kishikio cha sanduku la pili nikakataa kuachia. Nilikuwa nikipiga kelele, jirani yangu aliniambia baadaye, lakini mimi nakumbuka kimya tu. Mdogo wangu aliubandua mkono wangu kidole kimoja kimoja. Hakunisukuma wala hakuniumiza. Alifanya kama unavyomtoa kupe.

Mgeni alinishukuru kwa ukarimu, akaingia garini.

Wahusika walikuja kesho yake mchana. Walikuta bakuli, vibanio, kamba, na chini ya kitanda mfuko aliousahau wenye soksi saba. Kwa kuwa vitu vyote vilikuwa ndani ya nyumba yangu, mimi ndiye niliyechukuliwa kwenda kutoa maelezo. Nilikaa kwenye benchi hadi jioni. Mmoja wao, kijana wa bara mwenye Kiswahili cha haraka, alisoma karatasi yangu akacheka.

"Mathe, si ungesema mapema ni vinyonga? Mimi nilikuwa najua ni ndovu."

Aliwaonyesha wenzake picha ya bakuli kwenye simu yake, nao wakasema, "Aii, toa hiyo." Waliona kinyaa, ndiyo. Lakini kinyaa chao kilikuwa cha vinyonga.

Alikuwapo afisa mmoja mwanamke ambaye hakucheka. Aliandika kila kitu, aliuliza namba za gari, ambazo mimi sikuzishika. Siku iliyofuata alikuja na zile soksi saba. Watano walikuwa hai. Tuliingia msituni kuwarudisha.

Nilikuwa sijafika pale kijitoni kwa miezi kadhaa, na sikupatambua. Vichaka vya chini vilikuwa vimevunjwavunjwa, watu walikuwa wamepita wakikung'uta kila tawi. Magogo yaliyokuwa yameoza taratibu yalikuwa yamepinduliwa na kuachwa juu chini. Palipokuwa na mitapo, ile mimea ya kale inayofanana na minazi mifupi, palikuwa na mashimo. Mtu mwingine, mwenye wateja wake, alikuwa ameing'oa. Kando ya maji kulikuwa na nepi za watoto, chupa, na makopo ya rangi. Tulitembea tukitazama majani, mimi upande huu, yeye upande ule. Hatukuona jani lenye jicho.

Tuliwaweka wale watano kwenye matawi. Sikuona furaha ya kuachiwa huru. Walikaa pale tulipowaweka, wamefumba macho, rangi mbovu. Wawili walianguka wenyewe tukiwa tunawatazama. Afisa aliwaokota, akawaweka tena, wakaanguka tena.

"Twende," akasema. Tulikwenda.

Mashuka niliyachoma, na godoro, na kamba. Bakuli, ambalo wahusika walilipiga picha tu wakaliacha, nililizika pamoja na vilivyomo, kwa sababu sikuweza kumwazia mtu akila humo tena. Nilisugua chumba kile kwa dawa siku nne mfululizo, kama nilivyofundishwa Diani, kutoka darini kushuka chini, na siku ya tano nikasikia harufu bado. Mwanangu wa kike alipokuja kunitazama alisema hakuna harufu. Mimi ninaisikia.

Mgeni hakupatikana, au kama alipatikana, mimi sikuambiwa. Miezi kadhaa baadaye yule afisa alipita, akanionyesha simu yake. Ulikuwa ukurasa wa kuuzia wanyama, maandishi ya nchi nyingine. Kulikuwa na picha ya kinyonga mwenye pembe laini, amepigwa vizuri, mwanga mzuri, kila gamba linaonekana. Alikuwa amesimama juu ya waridi jekundu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba waridi lile halikuwa ua.

"Ni shuka yangu," nilimwambia.

Alizima simu, akaomba maji ya kunywa.

Mimi na mdogo wangu hatukusemezana kwa karibu mwaka. Tulipokuja kusemezana ilikuwa ugomvi, kwenye shamba, mbele ya mke wake. Nilimwambia kwamba amekula kitu kichafu. Alitupa jembe chini.

"Wewe ulichukua pesa za chumba," alisema. "Mimi nilichukua za vinyonga. Mtu alikuwa mmoja, mfuko mmoja. Kichafu changu ni kipi na chako ni kipi?"

Mke wake alitazama pembeni. Nilirudi nyumbani nikanawa uso, na kwenye kioo nilimwona mwanamke yule aliyemenya muhogo bila kuinua macho.

Siku hizi hapa kwetu hakuna anayempiga kinyonga mawe. Zamani ningefurahi. Watoto wakimwona kwenye mwembe, hata wale wa kawaida wa shambani wasio na thamani kwa mtu yeyote, humtia kwenye chupa na kumzungusha nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ananunua. Anakaa kwenye chupa hadi anakufa. Watu wazima nao wana maswali yao. Wanasema kuna mtu wa Ukunda anataka nge, kuna mwingine anataka mizizi, kuna mwingine anataka vyura wenye mistari. Wameujua msitu sasa, wanaujua vizuri sana, kila kitu kwa jina. Tulikuwa tukisema kwamba watu wakiujua msitu watautunza. Mimi mwenyewe nimewaambia wageni maneno hayo, barazani, nikiwamiminia chai.

Bado napokea wageni, wachache. Chumba kinasafishwa kila siku, na asiyetaka kisafishwe namrudishia pesa zake aende. Wengine wanaona nina ukali.

Jumapili moja mwaka huu mdogo wangu alikuja baada ya ibada, na nyama kilo mbili. Nilipika, tukala. Alizungumza habari za watoto na za bei ya mbolea. Alipokuwa akinawa mikono akasema kwamba kuna mtafiti mmoja anatafuta mahali pa kukaa kwa wiki sita, mtu mtulivu, hana makuu.

"Hapana," nilisema.

"Hujamwuliza hata anatafiti nini."

"Sitaki kujua."

Alijifuta mikono kwa taulo langu, polepole.

"Ukikataa wewe, jirani wa bondeni atampokea. Amekwisha kujenga."

Aliaga, akamsalimu mama wa Kidigo njiani, akaenda zake. Nilisimama barazani nikatazama bondeni, kule ambako mwaka jana kulikuwa na mikorosho tu. Ni kweli kuna mabati mapya, vyumba viwili, na baraza inayotazama msitu. Mwanamke mmoja alikuwa ameanika mashuka nje. Yalikuwa meupe, na alikuwa akiyanyoosha vizuri.